Umbo la Sita Halipo

Pazia halibishwi hodi. Kwa hiyo kila aliyekwenda bafuni asubuhi hiyo alikohoa kidogo, akalisogeza pazia, akasema "Samahani, Mama" au "Samahani, Bibi," kutegemea umri wake, kisha akapita mbele ya kitanda cha Mwalimu Pembe akiwa na taulo begani. Mwalimu Pembe alikuwa ameketi kitandani humo humo koridoni, bodi ya pasi ikiwa ndiyo meza yake, anachora pembetatu kwenye karatasi ya manila. Friji nayo ilikaa koridoni, na kila ilipofunguliwa, mlango wake ulimgonga goti. Alikwisha kuzoea. Siku hizi alilisogeza goti mapema, kwa kusikiliza tu jinsi mtu mwenye njaa anavyotembea.

Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga na marehemu mumewe enzi zile yeye akifundisha hesabu na mumewe akiwa seremala. Milango yote ya nyumba ile ilikuwa kazi ya mkono wa marehemu, na korido tu haikuwekewa mlango, kwa sababu haikuwa chumba cha mtu. Mwanawe alipooa aliomba chumba kikubwa. "Kwa muda tu, Mama, mpaka tupate pa kwetu." Muda ule sasa ulikuwa na mapacha wa darasa la tano. Mapacha walipozaliwa, chumba kidogo nacho kikaenda, kwa muda tu. Mkwewe alipoanza kushona mapazia ya maofisi, vyerehani vikaingia sebuleni, na Mwalimu Pembe akapewa korido pamoja na pazia zuri sana la maua ya zambarau, ambalo mteja alilikataa. Hakuna aliyemfukuza, tuelewane. Alisogezwa, na kila aliposogezwa aliulizwa kama amekula.

Alichokitaka katika umri wake hakikuwa kikubwa. Alitaka mlango. Mlango wa mbao wenye komeo kwa ndani, ili mtu avae sketi yake bila kukoholewa. Alimwambia mwanawe jambo hilo mara moja. Mwanawe alikuwa mpima viwanja, mtu wa kuaminika, ambaye majirani wakigombania mpaka walimwita yeye awaonyeshe haki ya kila mmoja inaishia wapi. Akaja na futi yake ya kuvuta, akapima korido yote, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Haiwezekani, Mama. Nimepima. Mlango hautafunguka."

Jina la Pembe alipewa na wanafunzi, maana swali lolote aliloulizwa alilijibu kwa "Nionyeshe pembe." Alikuwa amestaafu, lakini mtihani ulipokaribia watoto wa mtaa walimjia, naye aliwakunjia maumbo ya karatasi wayashike kwa mikono yao. Alikuwa na misemo miwili tu. Wa kwanza: umbo lisilofunguka halifundishi. Ndiyo maana katika maisha yake yote hakuwahi kugundisha uso wa mwisho wa umbo lolote. Aliukunja, akaurudisha, akauacha, ili mtoto aufungue achungulie jinsi kitu kilivyotengenezwa. Wa pili ulihusu yale maumbo ambayo nyuso zake zote zinalingana na pembe zake zote zinalingana, hata ukiyageuza vipi yanakutazama vilevile. Hayo yako matano tu: la nyuso nne, la nyuso sita ambalo ndilo mchemraba, la nane, la kumi na mbili na la ishirini. "Umbo la sita halipo," alikuwa akisema. "Msilitafute. Lingekuwepo lingeshafika."

Asubuhi hiyo alimaliza lile la nyuso nne, dogo, la kukaa kiganjani. Kifuniko cha gundi kikamponyoka kikatumbukia humo kupitia uso ulio wazi. Akangoja kisikike. Kilichelewa, kisha kikalia chini, kama kitu kilichoanguka kwenye sakafu ya chumba kitupu. Akaingiza vidole viwili. Akaingiza mkono hadi kiwiko, halafu hadi bega, akapapasa, asikipate. Gundi isiyo na kifuniko hukauka, na gundi nzuri haiokotwi barabarani. Basi akaliweka umbo juu ya shuka, akavua ndala, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia.

Ndani palikuwa na chumba. Kuta tatu zilipanda zikiinamiana mpaka zikakutana juu, na mwanga uliopenya kwenye karatasi ulikuwa wa manjano hafifu. Mistari yake ya penseli ilionekana ukutani, minene kama kamba ya kuanikia nguo. Mmoja ulikuwa umepinda kidogo, akauona, akaona haya. Kifuniko kilikuwa kwenye kona. Alikiokota, akasimama akisikiliza. Hakuna aliyekohoa.

Alipotoka alimkuta mkwewe amesimama kando ya kitanda, anatafuta bodi ya pasi.

"Mama, ulikuwa humo ndani?"

"Nilikuwa humo."

"Kuna hewa?"

"Hewa ipo."

"Haya. Naomba bodi basi, kuna mteja anakuja."

Jioni mwanawe alipewa habari hiyo mezani. Alimaliza kula kwanza, maana hakuwa mtu wa pupa, kisha akachukua futi yake, akaingia kwenye umbo kupima. Alikaa huko hadi chai yake ikapoa. Alitoka macho yakimng'aa.

"Mama, una mikono ya baraka! Paa linainama, sikatai, lakini sakafu yake iko sawasawa kabisa." Akairudisha futi mfukoni polepole. "Sasa nafasi yote hii ikae bure? Kuna majora ya vitambaa yanaliwa na unyevu kule nyuma. Kwa muda tu."

"Sawa, mwanangu," alisema Mwalimu Pembe. Hiyo "sawa" ilikuwa imemkaa mdomoni kama jino.

Majora yakaingia, hata mengine yaliyokuwa kwa jirani yakafuata. Mwalimu Pembe hakukasirika. Kwanza kuta za kuinama zilikuwa zinamgonga kichwa. Akachukua manila nyingine, akakunja mchemraba.

Huo ulikuwa chumba hasa. Kuta zilisimama wima, kona zilikuwa kona. Alikifungua kitanda vipande vipande akakiingiza, akaingiza kiti, akatundika picha ya marehemu akiwa ameshika randa. Uso wa mwisho aliurudisha kwa ndani kama mtu anavyorudisha mlango. Asubuhi alivaa sketi yake taratibu, akaigeuza ilipokaa upande, akaanza tena, kwa raha zake. Alikuwa na furaha. Lisemwe tu hivyo, maana ilikuwa ya muda mfupi na haifai kupunjwa.

Jirani yao, fundi redio, alikuja kumpongeza kwa kuhamia, akamletea redio ndogo. Ilikamata vizuri sana humo ndani, isipokuwa taarifa ya habari ilikuwa ya jana. Fundi aliizungusha antena huku na huku, ikabaki ya jana. Mwalimu Pembe akasema haidhuru, habari zenyewe hazibadiliki sana.

Kisha akaja Shemeji. Alikuwa mdogo wake mkwewe, na nyumba nzima ilimwita Shemeji, hata mapacha, ambao kwao alikuwa mjomba. Alikuja kwa wiki moja, akiwa na masanduku manne na tarumbeta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akijifunza tarumbeta, na ujifunzaji wa tarumbeta ni mgumu zaidi kwa wasiojifunza. Siku ya pili mapacha waligundua kwamba Shemeji akipigia ndani ya mchemraba uso ukirudishwa, nje haisikiki hata pumzi. Familia ikatazamana kwa matumaini ambayo hayakuwa yameonekana mezani pale tangu Shemeji ashuke na mizigo.

"Mama," alianza mwanawe.

"Kwa muda tu," alimalizia Mwalimu Pembe.

"Umesema mwenyewe, Mama."

Kitanda kikarudi koridoni. La nyuso nane hata hakuwahi kutandika humo. Alikuwa bado anatafakari jinsi ya kuishi mahali ambapo kuta nyingine zinainamia ndani na nyingine zinainamia nje, mapacha wakaingia na madaftari, wakasema Bibi, hapa tunaelewa vizuri, na ni bibi gani atawatoa watoto kwenye masomo? La nyuso kumi na mbili lilikuwa zuri kuliko yote, kila ukuta na kona tano, na aliishi humo mpaka siku mkwewe alipompitisha mteja mmoja, mwenye ofisi kubwa, aangalie tu. Mteja akasema hajawahi kusubiri mahali pazuri namna ile. Kufikia mwisho wa juma lilikuwa chumba cha wageni wa biashara, na mkwewe ametundika mapazia kwenye kuta zote, ingawa hapakuwa na dirisha hata moja. Watu walikuwa wakiyafungua, wakaona karatasi, wakayafunga, wakaagiza yaleyale.

Hapo Mwalimu Pembe akamwita mwanawe koridoni, akamketisha kitandani kando yake. Walibanana kama abiria. Mtu akapita kwenda bafuni, akakohoa, wakamngoja apite.

"Mwanangu, maumbo yako mangapi?"

"Matano, Mama." Alijibu haraka, mgongo ukamnyooka. Alifundishwa na mama yake mwenyewe, dawati la mbele, na hakuwahi kupendelewa.

"Mmekwisha kuchukua manne."

"Tumeazima, Mama. Hatujachukua."

"Na la sita?"

"Halipo." Kisha akacheka, akamshika bega. "Lakini hayo ni ya mtihani. Kwa mikono hii yako? La sita utalipata tu, Mama. Sisi tunakuamini."

Alilisema kwa upendo, na ndiyo maana liliuma. Lau angelisema kwa ujeuri, Mwalimu Pembe angejua pa kuliweka, maana wajeuri amewafundisha wengi. Lakini huyu alikuwa mtoto wake, aliyefaulu, anayejua kwamba kitu kisichokuwepo hakiji kwa kubembelezwa, ambaye kila siku huwaambia watu wazima wenzake kwamba hapa ndipo mwisho wa kiwanja chako, usivuke. Kwa mama yake tu ndiko hakuona mpaka. Mwalimu Pembe alikaa na uchungu huo, kikombe mkononi, mpaka mtu wa bafuni akapita tena kurudi.

"Si umwambie hapana, Mwalimu?" aliuliza fundi redio alipokuja kuisikiliza redio yake, ambayo huku koridoni ilikuwa imerudi kwenye habari za leo. "Ni neno fupi."

"Fupi, ndiyo. Lakini nikilitamka ataniuliza kama ninaumwa."

Fundi akafikiri, akakubali kwamba angeuliza hivyo.

La nyuso ishirini Mwalimu Pembe alilikunja bila haraka. Alichagua manila isiyo na mkunjo hata mmoja. Alichora pembetatu zote zikiwa zimeshikana, akaziwekea masikio, yaani vile vipande vidogo vya pembeni vinavyopakwa gundi, akapitisha ncha ya mkasi kwenye kila mstari ili karatasi ikunjike bila kugombana naye. Akagundisha uso baada ya uso, akabakisha ule wa mwisho kama kawaida. Liliposimama lilikuwa karibu kuwa mviringo. Aliliweka kwenye rafu iliyokuwa juu ya kitanda chake, akapanda, akaingia.

Ndani kila ukuta ulipokea mwanga kwa namna yake, na kwa kuwa kuta zilikuwa nyingi hapakuwa na kona ya giza. Aliingiza kiti, kitanda, picha ya marehemu, mkate, na chupa ya chai badala ya jiko, kwa sababu nyumba yenyewe ni ya karatasi. Kwa mazoea aliingiza pia gundi. Koridoni likabaki pazia peke yake, likimsitiri friji.

Wakati huohuo Shemeji alipata mchumba. Alikuwa binti mpole aliyempenda Shemeji pamoja na tarumbeta, jambo ambalo kila mtu alilipokea kama muujiza. Harusi ikapangwa. Lakini mchemraba, hata uupangeje, haukutosha watu wawili na masanduku manne. Mwalimu Pembe alikuwa kitini, anakunywa chai, aliposikia nje ile sauti anayoijua: futi inavutwa. Krrr. Kimya. Krrr, upande wa pili.

"Mama?" Sauti ya mwanawe iliingia kwenye mwanya wa ule uso uliorudishwa. "Upo? Naona hili ndilo kubwa kuliko yote. Sasa hawa vijana wanaanza maisha..."

Mwalimu Pembe akaweka kikombe chini. Aliutazama uso wa mwisho, masikio yake mawili yamekaa wazi, makavu, yanasubiri kama yalivyosubiri masikio ya maumbo yake yote. Akachukua gundi. Aliipaka kwenye sikio la kwanza, nyembamba, bila kuacha uvimbe, akapaka la pili. Akangoja kidogo ishike unata, kama alivyowafundisha watoto wa watu. Kisha akauvuta uso ukakaa mahali pake, akaubana kwa viganja kuanzia ukingoni.

Mwanga wa mwanya ukatoweka. Chumba kikawa na kuta ishirini kamili. Alikuwa akitabasamu.

"Mama? Umefunga?"

"Nimefunga, mwanangu."

Akasikia ukucha ukichokoa kwenye mshono.

"Usichokoe."

Ukucha ukaacha mara moja. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hilo hakuna awezaye kumnyima.

"Na ikikauka?"

"Ikikauka, imekauka."

"Na chakula, Mama?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkwewe, imekuja mbio. "Utakula nini?"

"Mkate upo. Na hii chupa ya chai, tangu niingie nayo haijapungua."

"Unaumwa?" aliuliza mwanawe.

"Siumwi. Nipo kwangu."

Walilijadili jambo hilo mezani, kwa kirefu, kwa huzuni ya haki kabisa. Mkwewe alilia kidogo. Shemeji aliwaza kwamba huenda amesababisha yeye, wakamwambia asifikirie hivyo, akaacha. Kufikia Jumapili ilikuwa ni jambo la kawaida. Wageni walipofika waliambiwa, "Mama yupo pale kwenye rafu, anaendelea vizuri," nao wakasimama mbele ya umbo, wakasalimia, wakaitikiwa. Mapacha walibandika hesabu zao kwenye karatasi yake, naye akazisoma kwa kinyume dhidi ya mwanga na kuwaambia waonyeshe pembe. Na jambo moja lilibadilika, ambalo Mwalimu Pembe alilitambua siku ile ile ya kwanza. Sasa walibisha hodi. Karatasi hubishwa kwa ukucha, taratibu, na kila aliyemhitaji alibisha na kungoja aitikiwe. Marehemu aliye pichani alionekana ameridhika, au labda ni kuta nyingi zilizomwangazia vizuri.

Siku moja alisikia randa. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alilala na sauti hiyo miaka mingi ya ndoa yake. Baada ya randa ikaja nyundo, kisha bisibisi, na harufu ya mbao mpya ikapenya kwenye karatasi. Alisikiliza siku nzima, mikono mapajani. Halafu ukucha ukagonga.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mwanangu. Mnajenga?"

"Tumetengeneza korido, Mama. Si unajua imebaki tupu? Maharusi watakaa hapo. Sisi wa bafuni tutazungukia nje, tumeona si mbali." Alisita. "Tumeweka mlango."

"Mlango wa mbao?"

"Wa mbao. Na komeo kwa ndani. Bibi harusi aliomba, na unajua mtu mgeni, anahitaji kujisitiri."

Mwalimu Pembe akamimina chai.

"Ulisema hautafunguka," alisema. "Ulipima."

"Nilipima, Mama, na nilipima sawasawa. Haufunguki wote. Unagonga rafu." Alikohoa kidogo. "Hii uliyokaa wewe."

"Ehe."

"Kwa hiyo tukusogeze kidogo, rafu tuing'oe. Tumekupatia mahali pazuri juu ya friji, tunaihamishia jikoni. Kwa muda tu."

Jino la zamani lilikuwa bado lipo mdomoni, lakini safari hii Mwalimu Pembe hakulitumia. Hakusema sawa. Hakusema hapana pia. Mwanawe alingoja kwa adabu kiasi cha kutosha, kisha Mwalimu Pembe akahisi sakafu yake ikiinuka. Kitanda kiliteleza kidogo, picha ikaegemea upande, kuta zikabadilishana mwanga. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike, akatembezwa hivyo, akiwa ameketi wima, mpaka nyumba ikatua juu ya kitu kinachonguruma.

Nyuma yake, koridoni, mlango ulifunguliwa mpaka mwisho, bila kugonga chochote. Ukafungwa. Akasikia komeo likiingia mahali pake kwa ndani. Lilikuwa komeo zuri, halikukwama hata kidogo.